MJADALA: Wapiga kura wa Lamu wamebadilika, chama kipi chaweza kusema hapa ni kwake?

Nduzangu, haya maneno yalianza juzi Mkunguni kwenye kahawa yakaishia kwa makelele, nimeona bora tuyalete hapa mtu aandike akiwa ametulia. Bwana mmoja alisema uchaguzi wa 2027 chama kitakachoshika Mpeketoni, kule kwa walowezi waliotoka bara, ndicho kitakachoshika Lamu, basi, habari za visiwani zimekwisha, ati hesabu ni hesabu. Mwengine akaruka akamwambia Lamu ina wenyewe na chama cha watu wa bara hakiwezi kuota mizizi hapa hata kikimwaga pesa vipi. Mimi naona wote wawili wamepotea njia.

Hesabu kwanza manake ndizo zinazotisha watu. Sensa ya 2009 ilitupata 101,539 kaunti nzima, ya 2019 tukawa 143,920. Katika hao Lamu Mashariki, yaani Pate yote pamoja na Kiunga na Basuba, ni 22,258 tu. Waliobaki 121,662 wote wako Magharibi, mji wa Amu humo, Shela humo, Hindi, Witu, Mpeketoni. Wadi zote za kaunti ni 10, na katika hizo 7 ziko Magharibi. Na si siri ilikuwaje, serikali ilifungua skimu ya Lake Kenyatta huko Mpeketoni mwanzoni mwa miaka ya 70 watu wa bara, wengi wa Mlima Kenya, wakapewa mashamba, baadaye skimu nyengine zikafuata, 2012 Kibaki akaja kuzindua bandari na 2021 gati ya kwanza ikaanza kazi. Watu wanafuata ardhi na kazi, hilo halina mjadala.

Sasa tuje kwa chama, na hapo ndipo yule bwana wa hesabu anaponipoteza. Tazameni Lamu Magharibi peke yake. 2013 Julius Ndegwa aliingia bungeni na chama kidogo cha KNC, wakati TNA ya Uhuru ndiyo iliyokuwa na moto huko bara. 2017 akaja Stanley Muthama na chama cha Maendeleo Chap Chap. 2022 Muthama yule yule, sasa kwa tiketi ya Jubilee, na huo ndio mwaka Mlima Kenya ulikuwa umehamia UDA ya Ruto na virago vyake vyote! Mwaka huo huo Githuku akachukua useneta na Jubilee, na Muthoni Marubu akawa mwakilishi wa wanawake bila chama chochote, mgombea huru. Hawa ndio wapiga kura tunaoambiwa ni furushi moja, ukishalishika umemaliza kazi.

Na sisi wa visiwani tusicheke sana. Issa Timamy alikuwa gavana 2013 na chama cha UDF, Fahim Twaha akamtoa 2017 na Jubilee, Timamy akarudi 2022 na chama cha ANC, na ANC yenyewe 2025 ikaingia ndani ya UDA. Raila akaongoza kura za urais hapa 2022 huku gavana tuliyemchagua siku ile ile yuko upande wa Ruto. Chama Lamu ni jahazi la kukodi, unapanda likufikishe, hakuna anayeuliza mwenye jahazi ni nani. Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: watu kubadilika kumebadilisha nani anachaguliwa, lakini hakujakipa chama chochote urithi. Chama kinachokaa kikisubiri idadi ikizawadie kiti kitasubiri sana. Pingeni.

Mwana Mkomani:
Ami, kwa heshima zote, hapo umetupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Wewe wahesabu vyama, mimi nahesabu viti. Useneta umeenda Mpeketoni, kiti cha wanawake kimeenda huko huko, mwaka mmoja! Sasa iwe Jubilee iwe mgombea huru mimi yanisaidia nini? Sisi tuna magofu na mizizi ya miaka mia ngapi sijui, tumebakia kujivunia UNESCO. Vyama vikubwa vishaona, ndiyo maana mkutano wa maana unafanywa Mpeketoni na huku Amu twaletewa kofia na leso.

Mzaliwa wa Hongwe:
Mimi nasoma tu nacheka kwa uchungu. Babangu ndiye aliyekuja, mimi nimezaliwa hapa, shule nimesoma hapa, Kiswahili naota nacho, na bado kila uchaguzi naitwa mgeni, na kinachoniuma zaidi ni kwamba vyama pia vinaniita hivyo kwa njia yao, vinakuja vinasema "nyinyi ni watu wetu" kana kwamba mimi ni mbuzi wa mtu amepotea vinanirudisha boma. Wacha niwaambie. Juni 2014 tuliuawa hapa kwenye yale mashambulizi ya Mpeketoni, zaidi ya watu sitini, na serikali iliyokuwepo ndiyo ile watu wengi wa huku walikuwa wameipigia kura. Baada ya pale mtu akiniambia chama chetu namuangalia tu. Shida zangu ni hatimiliki, bei ya pamba, nyati wakiingia shambani usiku na kama nitalala salama. Lami ya Garsen tumepata, sawa, shukran. Sasa hivi UDA wanakuja, chama cha DCP cha Gachagua nacho kinakuja, kila mtu anahesabu majina yetu. Nyumba yetu peke yake kaka yangu ni huku, mimi ni kule, mama anasema hapigi. Hiyo ndiyo bloku mnayoiogopa?

Mwana Mkomani:
Kaka hilo la 2014 pole sana wallahi, hakuna anayelichezea. Lakini usiseme hakuna bloku, siku ya kura mwapanga foleni alfajiri nyote na sisi huku mpaka saa tano bado twanywa chai.

Mzaliwa wa Hongwe:
Hiyo sasa si kosa letu ni lenu bana 😂

Binti Kizingitini:
Haya, kaka zangu mumezungumza, sasa mimi niseme la kwetu manake Lamu Mashariki mwaitaja kwa hesabu tu. Tatizo letu si kwamba wao ni wengi. Ni kwamba sisi hatumo kwenye daftari. Tangu ile vita ya shifta miaka ya 60 watu waliikimbia pwani ya Kiunga, wengine Amu, wengine Malindi na Mombasa, na mpaka leo wajukuu zao wapiga kura huko huko. Waliobaki nao, kitambulisho kilikuwa balaa. Kijana akifika miaka 18 apigwe msasa, alete karatasi za babu, wazee wakae wamuulize kabila na ukoo, nina binamu amezungushwa ofisi moja hiyo mpaka akaoa akapata mtoto ndipo akapata kitambulisho. Ruto aliufuta huo msasa Februari 2025 na mimi simo kwenye chama chake lakini hilo nampa. Sasa vitambulisho vyatoka. Lakini kitambulisho si kura! Ujiandikishe. Msichana wa kijiji cha mbali atoke kwao asubiri maji yajae boti ipite, nauli aombe, akifika aambiwe mashine haina chaji. Na uchaguzi wafanywa Agosti, kusi bado yavuma, wavuvi wengine wako mbali na kwao. Chama kitakachofikiria hayo ndicho chenye mbele huku, na sijakiona. Na musisahau kiti chetu 2022 tulimpa mwanamke, Ruweida Obo. Watu walisema sisi Wabajuni, wenyeji wa huku Mashariki, hatumpi mwanamke kura.

Mpate wa Ohio:
Assalaam aleikum wote. Mimi niko Marekani na haya ndiyo yale yale. Romney aliposhindwa urais 2012, chama chake cha Republican kikaandika ripoti mwaka uliofuata kwamba Walatino wanaongezeka na wasipovutwa chama kitazidi kubanwa. Wademokrati nao wakalala wakijua idadi iko upande wao. Basi 2024 kuna kaunti yaitwa Starr, kule Texas mpakani na Meksiko, karibu watu wote ni Walatino, haikuwa imempa Mrepublican urais tangu 1892, ikampa Trump. Watu wale wale waliohesabiwa ni mali ya upande mmoja. Sisemi ni vizuri au vibaya, nasema mwenye kuhesabu vichwa ajue vichwa vina akili ndani.

(mimi niliyeanzisha)
Mpate, ahsante, huo mfano wa Starr nitauiba. Binti Kizingitini, umenizidi, wallahi wewe ndiye ungeanzisha huu mjadala. Nataka niongeze moja ambalo naona hakuna aliyeligusa na ndilo lanitia hofu kuliko viti vya 2022.

Katiba kifungu cha 89 chataka majimbo yakaribiane idadi ya watu. Chukua sensa ya 2019, gawanya kwa majimbo 290, wastani ni kama watu 164,000 kwa jimbo. Lamu NZIMA ni 143,920. Kaunti yote haifiki jimbo moja la wastani! Najua kuna ruhusa ya kupungua asilimia 40 mahali ambako watu ni wachache, hiyo yakushusha mpaka kama 98,000. Magharibi yapita hapo. Mashariki na watu wake elfu ishirini na mbili haioni hata mlango. 2012 iliponea kwa sababu ilikuwa kati ya yale majimbo 27 yaliyolindwa na katiba kwenye ukaguzi ule wa kwanza. Siku mipaka itakapopitiwa tena, kinga ile haipo. Sasa niambieni, chama kinachojisifu kina kiti cha uhakika kwa Wabajuni kimeshika nini mkononi? Na hapa Mwana Mkomani nakukubalia nusu: kiti chaweza kwenda hata bila mtu kukushinda. Lakini hilo halimhusu kijana wa Hongwe hata kidogo, yeye hakuchora mipaka. Hilo ni la wabunge na magavana wa vyama vyote tuliowapa kura tangu 2013, waliokuja kutuomba kwa jina la kabila na hawakukaa chini wakatueleza hesabu hii.

Mwana Mkomani:
Duh. Hiyo ya 89 sikuijua. Sasa kuna mtu anaifuatilia au ndiyo twangoja kusikia redioni?

(mimi niliyeanzisha)
Twangoja redio, kama kawaida yetu. Binti, huko Kizingitini ni wangapi wana kitambulisho na hawajajiandikisha, si hesabu kamili, hivi hivi tu kwa macho?

Binti Kizingitini:
Mtaa wangu tu wajaza boti. Mafuta ndiyo hakuna, na kila chama chasema kitaleta "wiki ijayo".

Mzaliwa wa Hongwe:
Na kikileta?

Binti Kizingitini:
Tutapanda, kaka. Kura ni siri 😄