Filta moja kwa lenzi tatu, inawezekana?

Wakuu, napiga picha majahazi hapa Bagamoyo, maji yanang'aa mno. Lenzi zangu zina kipenyo cha filta cha 52, 67 na 77mm. Ninunue polaraiza (filta ya kupunguza mng'ao) tatu?

Jibu: Hapana mkuu. Nunua moja nzuri ya 77mm, na pete za kuunganishia: 52 kwenda 77, 67 kwenda 77. Usianze na ndogo, kwenye lenzi kubwa itatia weusi pembeni mwa picha. Ila kikinga jua cha lenzi ndogo hakitaingia tena.

Jibu: Jua liwe ubavuni mwako, ndipo polaraiza inafanya kazi hasa. Izungushe taratibu ukitazama maji. Chumvi ya pwani ifute mapema.

Muulizaji: Asanteni sana. Hizo pete ziwe za shaba au alumini?

Jibu: Shaba, hainasi kwenye lenzi kirahisi.