Tunahamia La Paz, Bolivia: ule mwinuko tutauweza?

Mama Salma

Habari zenu wanajamvi. Mume wangu amepata mkataba wa kazi La Paz, na tunaondoka pamoja na mtoto wetu wa miaka sita. Nasikia mji uko mita 3,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Mimi ni mtu wa pwani, mlima sijawahi kupanda. Mliowahi kuishi huko, naomba mniambie ukweli: siku za kwanza mwili unakuwaje? Na shughuli za nyumbani, kupika, kulala, kwenda sokoni, zinakwendaje?

Babu Kandanda

Kimo hicho ni karibu sawa na kambi ya Horombo pale Kilimanjaro. Na huko La Paz watu wanacheza mpira dakika tisini! Mwaka 2009 Bolivia waliifunga Argentina 6-1 katika uwanja wa Hernando Siles, Maradona akiwa kocha na Messi akiwa uwanjani. Jiandaeni.

Bi Mwana wa Sopocachi

Mama Salma, karibu sana. Mimi nami ni wa pwani, na sasa makazi yangu ni hapa La Paz, mtaa wa Sopocachi.

Uwanja wa ndege uko El Alto, juu ya mji wenyewe, zaidi ya mita 4,000. Kwa hiyo mtatua mahali pa juu kuliko mtakapolala. Unainua begi tu, moyo unakwenda mbio. Kichwa kinabana, chakula hakina hamu, na usiku unashtuka usingizini unatafuta pumzi. Wenyeji wanaiita soroche. Kiasi cha oksijeni hewani ni kilekile asilimia 21, ila hewa yenyewe ni nyepesi, hivyo kila pumzi inakupa kama theluthi mbili tu ya ile ya pwani. Mwili kwanza unahema haraka, halafu taratibu unaongeza chembe nyekundu za damu, na hilo linachukua wiki kadhaa. Siku za mwanzo msifanye kitu, hata kupanga masanduku. Kunyweni maji, kuleni kidogo kidogo, pombe achaneni nayo. Mkiweza, laleni kwanza siku chache Cochabamba, mita 2,500 hivi, ndipo mpande.

Sasa nisikilize kwa makini, dada yangu. Kabla ya tiketi, pimeni selimundu wote watatu. Mwenye ugonjwa huo hewa hii ni hatari kwake, na hata aliyebeba kinasaba kimoja tu, mzima wa afya maisha yake yote, anaweza kupata maumivu makali ya wengu huku juu. Kwetu sisi wabebaji ni wengi na wengi wao hawajijui. Mwambieni daktari mnakwenda kimo gani, na mumuulize pia kuhusu Diamox, dawa ya kukinga ugonjwa wa mwinuko. Mkishafika, mtu akihema kwa shida hali amekaa tu, akikohoa bila kukoma, au akiyumba na kuongea yasiyoeleweka, msingoje asubuhi: hospitali, na kushuka chini.

Jikoni, maji yanachemka yakiwa kwenye nyuzi 88 hivi. Maharage yatatokota mchana kutwa na bado yawe magumu. Nunua sufuria ya presha kabla hujanunua kitanda. Nyumba nyingi hazina kipasha joto. Juani unavua sweta, ukiingia kivulini unalivaa tena, na usiku blanketi moja halitoshi. Jua lenyewe linaunguza hata kukiwa na baridi, kwa hiyo mtoto avae kofia na apakwe mafuta ya kukinga jua.

Mji huu umekaa ndani ya bonde, na kimo ndicho kinachopanga maisha. Matajiri wako chini, Zona Sur, kwenye joto na hewa zaidi. Kadiri unavyopanda ndivyo vipato vinavyopungua. Mkitafuta nyumba, tafuteni chini kadiri mfuko unavyoruhusu. Kuanzia mwaka 2014 kuna Mi Teleférico, vibehewa vinavyopita angani kwenye waya hadi El Alto, kila njia na rangi yake. Mimi naupenda usafiri huu kuliko wowote nilioujua. Unapita juu ya mapaa ya matofali, na mbele yako mlima Illimani na theluji yake.

Sokoni muuzaji mwite *casera*, naye atakuita hivyo hivyo. Ukimzoea omba *yapa*, nyongeza yako. Onjeni chuño, viazi vinavyogandishwa na baridi ya usiku, vikakanyagwa na kuanikwa. Vina rangi nyeusi na ladha ya udongo, lakini kwenye supu vinakaa vizuri.

Jambo la mwisho, zito. Mtaani kuna imani kwamba ukimwona mtu mweusi umfinye mwenzako upate bahati. Mtaiona, na mtasikia wakisema *suerte*, yaani bahati. Mimi inaniuma mpaka leo. Mwandaeni mtoto kabla. Halafu mpelekeni Yungas, bonde la chini lenye joto, akawaone Waafro-Bolivia wakipiga ngoma ya saya. Wako pale tangu enzi za utumwa, na katiba ya 2009 imewataja kwa jina.

Mama Salma

Ahsante sana dada, la selimundu sikulijua kabisa. Na ile chai ya majani ya koka, ni halali?

Bi Mwana wa Sopocachi

Ni halali hapa, katiba hiyohiyo inayalinda majani ya koka, na hotelini wanakukaribisha nayo. Wengi wanasema inawatuliza kichwa. Lakini mtu akipimwa mkojo kazini inaweza kuonekana kama ametumia kokeini, kwa hiyo mumeo aulize kwanza. Na mkisafiri, msibebe hata jani moja. Nchi nyingi ni kosa la jinai. Mtoto mpe maji na supu.