Tupeane uzoefu: nani amewahi kuongozwa na mlembe mpaka kwenye asali?

Mwanzisha uzi
Wakuu, heshima kwenu. Leo siasa tuziweke pembeni tuzungumze ndege. Namsema mlembe, yule wa kahawia asiye na sura ya kukumbukwa, ila akiruka unaona weupe pembeni mwa mkia. Anakujia mwenyewe, anapiga kelele kama kiberiti kinachotikiswa, ukimfuata anahamia mti wa mbele na kukusubiri, hadi mnafika kwa nyuki. Shida yake si asali. Anataka majana (watoto wa nyuki) na nta, na hiyo nta tumbo lake linaimeng'enya vizuri tu. Kuvunja gogo na kuwatuliza nyuki kwa moshi ndiyo kazi anayokuachia wewe.

Kilichonifanya nifungue uzi ni utafiti wa Claire Spottiswoode na Brian Wood uliotoka kwenye jarida la Science mwaka 2023. Wahadzabe wa vilima vya Kidero, hapa kwetu Tanzania, humwita mlembe kwa mluzi. Wayao wa Niassa, Msumbiji, humwita kwa kutetemesha ulimi na kumalizia na mguno: "brrr-hm". Watafiti wakapiga rekodi za miito yote miwili huku na huko. Kidero, mluzi wa Kihadzabe uliitikiwa zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Kiyao. Niassa mambo yakageuka, wa Kiyao ukashinda karibu mara mbili.

Sasa fikirieni: huyu ndege halelewi na wazazi wake. Mama hutaga kwenye viota vya wengine, akina kerem (ndege walao nyuki), na kifaranga huanguliwa na ncha kali mdomoni ya kuwaulia watoto wa mwenye nyumba. Huo mwito wa kijiji anaujulia wapi?

Wazee wenu walimwitaje, na walimwachia nini? Za kusikia pia ruksa, ila sema ni za kusikia.

Mchangiaji, Tunduru
Mkuu umenikumbusha mbali. Babu mzaa mama alikuwa Myao na hiyo "brrr-hm" ndiyo yenyewe. Alianza kuipiga kabla ndege hajaonekana, tunatembea porini yeye anaguna tu, mimi nyuma nimebeba shoka. Mlembe alipotokea babu aliacha kuongea na mimi kabisa, akawa anaongea na ndege. Mti wenyewe ulikuwa na tundu dogo, ningepita hapo bila kuona kitu. Babu alifunga kienge, nyasi kavu katikati, majani mabichi nje, akakiwasha na kukielekeza tunduni, kisha akaanza kuchonga taratibu.

Masega ya kwanza yaliyojaa majana hatukula. Aliyapanga juu ya majani mabichi chini ya mti, pembeni kidogo, mahali pa wazi. Mimi mate yananitoka, naambiwa hiyo ni ya mwenyewe. Kwetu walisema usipomlipa, safari ijayo atakupeleka kwa chatu.

Mwanzisha uzi
Babu alijua anachofanya. Huko Niassa watafiti walishapima, matokeo yakatoka mwaka 2016. Ukipiga sauti nyingine yoyote, uwezekano wa mlembe kukuongoza ni 33%. Kwa mwito wa Kiyao unapanda hadi 66%. Na kufika kwenye nyuki kabisa kunatoka 16% hadi 54%.

Mchangiaji, Isiolo
Salamu kutoka Kenya. Sisi Waborana tunafunga viganja viwili na kupuliza katikati, wengine hutumia kombe la konokono au kokwa la mkoma lililotobolewa. Sauti inafika mbali sana. Mjomba alinifundisha nikiwa nachunga mbuzi, nikapuliza mpaka midomo ikafa ganzi na hakuna ndege aliyekuja, mbuzi tu ndio walinitazama. Baadaye nikajua utafiti mkubwa wa zamani ulifanywa huku kwetu. Hussein Isack na Heinz-Ulrich Reyer waliuchapisha mwaka 1989: bila ndege watu walichukua kama saa 8.9 kupata mzinga mmoja, wakiwa naye saa 3.2. Wazee hawakushangaa hata kidogo.

Mchangiaji, Mbulu
Mimi niliwahi kufuatana na Wahadzabe upande wa Yaeda. Jamaa alipanda mbuyu kwa vigingi alivyochonga pale pale, anapigilia kimoja anakanyaga, anapigilia kingine, juu kabisa, na kienge mkononi. Lakini cha ajabu kwangu ni chini. Walipomaliza kula walikusanya masalia ya nta wakayatupa motoni. Nikauliza, mbona mnamdhulumu? Wakacheka. Akishiba analala, wakasema, akiwa na njaa anatutafutia mwingine leo leo.

Mchangiaji, Tunduru
Hapo babu angegombana nao.

Mchangiaji, Sikonge
Ninyi mnamsifia, sisi wafugaji wa nyuki tuna malalamiko. Mlembe hajui mzinga una mwenyewe. Kijana mmoja aliongozwa vizuri kabisa mpaka kwenye mzinga wangu wa gogo, nimeutundika mwenyewe, na alama yangu ipo. Kikao kwa mwenyekiti, utetezi wake ukawa "nilionyeshwa na ndege". Wazee walicheka mpaka kesi ikaishia hapo.

Halafu niulize, ile habari ya kwamba mlembe anamwongoza hata nyegere ni kweli?

Mwanzisha uzi
Hiyo ina ubishi. Utafiti mwingine wa mwaka 2023 uliwahoji warina asali karibu 400 katika nchi tisa, wengi sana wakasema hawajawahi kuwaona wakishirikiana. Isipokuwa baadhi ya jamii za Tanzania, hasa Wahadzabe, ambao 61% walisema wameona. Kwa hiyo jibu, kama lipo, lipo kwetu.

Mchangiaji, Sikonge
Basi niandikeni upande wa wanaokataa. Nyegere ameshaniangushia mizinga usiku, na usiku mlembe amelala. Aliyewaona mchana wakiwa pamoja aje na maelezo: nani alikuwa mbele, na baada ya hapo nta alikula nani?

Mchangiaji, Mbulu
Nina mzee wa kumuuliza. Nikienda mnadani mwezi ujao nitarudi na jibu lake.