Mliokuwa upande wa mto Luvua, huku Katanga (Kongo), wakati wa roketi za Wajerumani, tupeane uzoefu

Mwana Katuba: Jana usiku watoto wa parseli, hapa uani, wamepiga kelele: satelaiti za Starlink zinapita zimepangana kama mabehewa. Nikakumbuka Kiambi, 1978. Baba alikuwa mwalimu huko. Tulitoka darasani kuangalia moshi wa OTRAG, ile kampuni ya roketi ya Wajerumani. Nani mwingine alikuwa huko?

Mtu wa Pweto: Kutoka Kiambi? Baba, acha. Uwanja wao ulikuwa mbali huko juu, kwenye uwanda wa Luvua. Uliona moshi wa watu wanaochoma majani.

Mwana Katuba: Majani gani yanapanda wima mpaka mawinguni?

Mama Kampemba: Muache ugomvi niseme. Sisi tulikuwa karibu zaidi, kijiji cha wavuvi. Ilikuwa ile wiki ya vita vya Kolwezi. Wafaransa walishuka kwa parashuti tarehe 19 Mei, Wajerumani wakarusha chuma chao tarehe 20. Nani alitupa habari kwamba hii ni roketi? Redio ilisema vita tu. Tuko shambani na kambo, bibi yetu, tunang'oa mihogo, mara ngurumo. Si ya mvua, ile inakatika, hii iliendelea. Kambo akatupa kitunga, akalia "Wamefika!", akatulaza chini, akatulalia juu. Uso wangu ulikuwa kwenye njia ya siafu na sikuthubutu kusogea. Kelele ilipoisha tukakimbilia porini. Karibu na mto ndiyo kambo akahesabu: mdogo wetu hayupo. Tulimwacha amelala chini ya mwembe! Kambo alikaa chini, miguu ilikataa. Mama akarudi peke yake. Alimkuta ameketi, anakula embe bichi. Mtoto wa miaka mitano, na katika ukoo mzima ni yeye tu aliyeiona roketi. Mpaka leo kwenye kila matanga lazima aisimulie.

Yaya Kamalondo: Njo vile. Kwetu pia mihogo ilibaki shambani.

Mtu wa Pweto: Mama, pole. Ila embe bichi mwezi wa tano?

Mama Kampemba: Wewe ulikuwepo?

Papa Ruashi: Kaka yangu alibeba mizigo yao. Mabomba membamba yamefungwa pamoja kama kuni, ndiyo roketi. Ile ya tarehe 5 Juni, Rais Mobutu mwenyewe anaangalia, iligeuka ikaanguka. 1979 wakafukuzwa, wakaenda Libya.

Kijana wa Kenya: Wakubwa, ya Luvua yameisha. Hizo za jana nizitazame vipi?

Yaya Kamalondo: Panda juu ya nyumba, zima taa.

Papa Ruashi: Usipande, mabati yatakukata. Kaa uwanjani. Taa zenyewe zimeshazimika tangu Jumatatu.

Mtu wa Pweto: Lala chini ya mwembe.

Mama Kampemba: Nimemsomea mdogo wangu haya yote. Anasema haikuwa embe, ilikuwa muhogo.

Mtu wa Pweto: Mnaona?