Mjadala: Mama akihama chama kwa ajili ya mtoto, amesaliti?

Mtoa mada, Mama wa Wete

Assalaam alaykum. Nina jambo limenikaa kooni tangu kampeni, naomba tulijadili kwa uungwana.

Nimezaliwa ndani ya chama. Kwetu Pemba chama kinarithiwa kama mikarafuu: babu kampa baba, baba katupa sisi, na mtu akiolewa upande wa pili watu wananong'ona mpaka harusi imalizike. Bendera ilikuwa juu ya paa letu kabla sijajua kusoma kilichoandikwa. Sikuwahi kuuliza kitu.

Kilichonifanya niulize ni sketi ya skuli. Mtoto wa jirani yangu, wa darasa la tatu, alifanyiwa udhalilishaji na mtu mzima anayemjua vizuri. Nilipopata habari nilikwenda mbio, nikapitia uani, nikaikuta ile sketi ya buluu imeanikwa kambani, bado inachuruzika maji. Bibi yake alikuwa ameshaifua na mtoto ameshamkogesha. Hakufanya kwa ubaya, alitaka kumsafisha mjukuu wake. Lakini ushahidi ulikwenda na lile povu.

Jioni nikarudi. Ukumbini wamekaa wazee wa pande zote mbili, kahawa inazunguka, na maneno ni yale yale: sote ndugu, tuyamalize, muhali, yaani kuoneana haya kwa ajili ya udugu na ujirani. Mama wa mtoto yuko jikoni juu ya mbuzi, anakuna nazi. Alikuna mpaka akaingia kwenye kifuu na hakuacha. Hakuna aliyemwita ukumbini kumuuliza yeye anataka nini.

Mgombea wetu alipokuja kuzungumza na kina mama nilisimama nikamuuliza atafanya nini kuhusu kesi za watoto zinazofia majumbani. Akanijibu: "Bibie, tushike nchi kwanza, hayo ya jinsia yatakuja." Mwanamke aliyekaa nyuma yangu akasema kwa sauti ya chini kwamba nimeshaanza mambo ya Kizungu. Siku ya kura sikumpa. Nilimpa wa upande wa pili, kwa nafasi ile moja tu, kwa sababu yeye alifuatana na yule mama mpaka polisi. Tangu niliposema hivyo nyumbani, kaka yangu hanisemeshi.

Hilo la Uzungu nataka nilitoe njiani mapema. Dada yangu anaishi Uingereza na ananisimulia. Kule wapo kina mama waliokipigia chama cha Labour tangu ujana wao, wakarudisha kadi kwa kuona chama kinaogopa kusema mwanamke ni nani. Wapo na wanawake wengine, nao wanajiita watetezi wa wanawake, waliobaki na kusema kwamba watu waliobadili jinsia nao wanahitaji ulinzi. Aprili 2025 Mahakama ya Juu ya huko iliamua kuwa katika Sheria ya Usawa ya 2010 neno mwanamke linakwenda na maumbile ya kuzaliwa, na mabishano hayakwisha. Huo ni ugomvi wao na una uzito wake kwao. Sisi huku Kiswahili kimetupa maneno mawili: jinsi, vile ulivyoumbwa, na jinsia, yale ambayo watu wanakupangia kwa kuwa umezaliwa mke au mume. Mama kuachwa jikoni wakati mtoto wake anajadiliwa ukumbini, hiyo ndiyo jinsia ninayoisema mimi.

Basi nauliza. Nimesaliti?

Mzee wa Micheweni

Mwanangu, kwanza pole, na mtoto Mungu amponye. Aliyefanya hivyo hana haki ya kulindwa na chama chochote.

Lakini usiseme chama tumerithi kama miti. Tarehe 27 Januari 2001 watu waliuawa hapa kisiwani kwa kuandamana. Zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Mie nilikuwamo ndani ya ngalawa, mke wangu ana mimba ya miezi saba, tunakwenda bila kujua tutarudi lini. Mtu aliyepita pale hawezi kuamka siku moja akavuka upande wa pili kwa sababu ya jawabu moja la mgombea mmoja. Ukiondoka wewe, na mwengine akaondoka kwa lake, kesho hatuna sauti, na asiye na sauti hata kesi ya mtoto hataisimamia.

Na hili neno jinsia lina wasiwasi kwetu wazee. Linakuja na semina na posho, tunaambiwa ni haki za wanawake, halafu tunasikia huko lilikotoka wanabishana mwanamke ni nani. Umetaja mwenyewe. Utanilaumu nikiogopa mlango huo usifunguliwe kwangu?

Mwanasheria kijana, Unguja

Shikamoo mzee. Kuogopa sikulaumu, ila tuweke wazi kipi kimetoka nje na kipi kimetoka humu ndani.

Kwa sheria ya 1985, msichana wa Zanzibar asiye na mume akishika mimba alikuwa anaweza kutiwa jela. Mwanamume aliyempa mimba mara nyingi anatembea. Wanawake wa hapa hapa, wanasheria na wazazi, walipiga kelele mpaka 2005 ikaja sheria nyengine, kifungo kikaondoka na msichana akapata njia ya kurudi skuli baada ya kujifungua. Bara, Juni 2017, Rais Magufuli alisema hadharani kwamba aliyezaa hatarudi skuli ya Serikali, na mlango haukufunguliwa mpaka Novemba 2021. Kwa hiyo katika jambo hili Zanzibar ilitangulia kwa miaka 16, na waliotutanguliza ni kina mama wenye mitandio yao.

Vyombo navyo vipo. Kuna vituo vya Mkono kwa Mkono hospitalini, ambako mtoto anaonana na daktari, polisi na mshauri pahala pamoja. Makosa ya ubakaji yaliondolewa dhamana 2018. Mahakama maalumu za udhalilishaji zilianza 2021. Kesi zinakufa kwa sababu mashahidi hawaji. Na hapa, Mama wa Wete, utanisamehe: shahidi anayenikimbia mara nyingi ni mwanamke. Shangazi, bibi, mara nyengine mama mwenyewe. Anaogopa kuachwa, anaogopa mtoto kukosa mchumba baadaye. Chama hakijamfunga mdomo, amefungwa na muhali, na kuhama chama hakutaufungua.

Kuhusu vyama, naomba tutazame viti maalumu. Baraza la Wawakilishi lina majimbo 50, na juu yake viti vya wanawake asilimia 40, yaani 20. Ni wengi. Lakini anayemweka mwanamke kwenye kiti hicho ni chama chake, hana jimbo la kumwajibisha. Akisimama kinyume na chama kwa ajili ya mtoto wa Wete, anamtegemea nani arudi?

Mkulima wa mwani, Paje

Mie sina mengi. Nyumba imejengwa kwa mwani wangu, maji ya kiuno, mgongo umekwisha. Nilipoachwa nilitoka na masufuria mawili na godoro. Baadaye sana ndiyo nikasikia kwamba sheria ya Mahakama ya Kadhi ya 2017 inamruhusu kadhi kutazama nani alichangia nini katika mali ya ndoa. Vyama vyote viwili vilishanipa kanga. Hakuna hata kimoja kilichokuja kuniambia hilo.

Mtoa mada, Mama wa Wete

Mzee wangu, shikamoo. Maneno yako ya Shimoni yameniliza, kwa kuwa mama yangu naye alivuka. Alinifunga kwa kanga mgongoni pa khalati, mama yangu mdogo, na akaniambia nisilie. Ndiyo maana naona uzito. Lakini waliobeba watoto ndani ya ngalawa zile ni kina mama, na leo wakiuliza swali kuhusu watoto hao hao wanaambiwa wasubiri. Nikisubiri, mtoto wa darasa la tatu atakuwa ameshaolewa.

Unasema mmoja mmoja tukiondoka tutakosa sauti. Wewe unajua kuliko mimi: 1957 wanawake wa visiwa hivi hawakupiga kura. Januari 1961 walipiga, na jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa tofauti ya kura moja. Moja tu. Kura ya mama mmoja ikijulikana haina bei ya kudumu, mgombea atakaa amsikilize. Mimi sijachoma kadi. Nimesema kura yangu ya jimbo ina sharti, na sharti hilo nitalisema kwa upande wowote.

Na kwa wanaosema mwanamke kubishana ni desturi ya wageni: bibi Khawla binti Thaalaba alimshitaki mumewe kwa Mtume, akajadiliana naye, hakunyamaza, na Mwenyezi Mungu akamsikia. Sura ya 58 jina lake ni Al-Mujadila, mwanamke anayejadiliana. Mjadala tunaoufanya hapa una shina moja na jina hilo.

Mwanasheria, umenipiga pahala panapouma na siwezi kukukatalia. Muhali ni wetu. Siku ile mimi mwenyewe nilikunywa kahawa yao ukumbini, kikombe kimoja, kwa kuona haya kukataa. Baadaye nikaanza kwenda kwa yule bibi kila alasiri, sisemi la kesi, tunachambua mchele tu. Wiki tatu. Juzi akasema mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba yeye ndiye aliyefua na kwamba alichokiona kwenye nguo anakikumbuka.

Dada wa Paje, nitumie ujumbe pembeni, nimeongea na Mwanasheria, kadhi anaweza bado kukusikiliza.

Kesi inasikilizwa Alhamisi, Chake. Bibi amekubali kwenda kusema. Mama wa mtoto ameomba tusiwe wawili tu pale nje ya mahakama, upande wa pili huja wengi. Gari inatoka Wete saa moja asubuhi. Mzee wa Micheweni, ukiweza kuja na mkeo tutafurahi.