Baiskeli ya kurukia miamba Raskazone: friwili inaniangusha, naomba msaada

mikate_alfajiri (Chumbageni, Tanga)

Habari za jioni wadau. Mimi nasambaza mikate kwa baiskeli hapa Tanga, nilianza nikiwa na miaka 15, sasa nina 22. Ikifika saa mbili asubuhi kreti zimeisha, na kutoka hapo hadi mchana muda ni wangu. Tangu mwaka jana nimeutia wote kwenye miamba ya Raskazone, najifunza traiali. Kwa asiyeujua huu mchezo: unapanda mawe na kuruka kutoka jiwe hadi jiwe ukiwa juu ya baiskeli, mguu usiguse chini. Nilimwona Danny MacAskill, yule kijana wa kisiwa cha Skye kule Uskoti, kwenye simu ya rafiki yangu. Tulitazama mpaka chaji ikakata. Wenzangu walishangilia anavyoruka, mimi macho yalibaki pale kabla hajaruka, amesimama juu ya tairi mbili ametulia tuli. Nikasema hapo nilipo nimeshasimama hivyo mara nyingi, nyuma nimebeba kreti, nasubiri bodaboda zipite.

Baiskeli yangu ni mtumba wa Kijapani, tairi namba 26, gia tatu mbele na sita nyuma, breki za mpira za kubana ringi. Kiti nimetoa. Kusimama naweza, kurukaruka kwa tairi ya nyuma naweza mara tano sita mfululizo.

Shida yangu ni hii. Jumamosi nilikuwa juu ya jiwe lenye kimo cha kigoda, mbele yangu kuna ufa wa kama hatua moja, ng'ambo jiwe jingine. Nimefunga breki zote mbili, nimetulia. Nikaachia ya nyuma, nikakanyaga pedeli ya kulia kwa nguvu zote. Pedeli ikashuka bure, kama unashuka ngazi gizani ukidhani imebaki moja kumbe zimeisha. Kifua kikapiga hendo, goti likapiga ukingo wa mwamba, na ugoko umekwanguka kama umepitishwa kwenye mbuzi ya nazi. Siku tatu mikate nimepeleka kwa kuchechemea.

Fundi mmoja wa mjini ameniambia ninunue baiskeli nyingine. Hakuifungua hata. Hela ya baiskeli nyingine sina, na hii naipenda. Je, friwili, ile sehemu ya gurudumu la nyuma inayozunguka bure ukiacha kukanyaga, inatengenezeka? Halafu breki zikishalowa maji ya chumvi hazishiki kabisa, na tairi ya nyuma inatoboka kila wiki. Mwenye uzoefu anisaidie, nataka kuuvuka ule ufa.

fundi_barabara_ya_8 (Ngamiani)

Mwanangu, pole sana na goti. Mimi natengeneza baiskeli tangu zile Phoenix zilikuwa mpya, na sikubali baiskeli ihukumiwe kabla haijafunguliwa. Soma taratibu.

Ndani ya friwili mna vijilimi viwili vinavyosukumwa na waya mwembamba wa springi, vinaingia kwenye meno yaliyochongwa ndani ya duara la nje. Ukikanyaga, vinashika. Ukiacha kukanyaga, vinateleza juu ya meno, ndiyo ule mlio wa tiki tiki. Wewe unapita kwenye maji ya bahari, chumvi inaingia, inakauka, inachanganyika na grisi ya zamani inakuwa kama uji uliogandia sufuriani. Kijilimi kikizama hakiinuki tena kwa haraka. Ukikanyaga ghafla kinakamata nusu ya jino, kinachomoka. Hicho ndicho kilichokuangusha.

Itoe kwenye haba, kile kitovu cha gurudumu, utandike kitambaa cheupe mezani. Utaona kisahani chenye matundu mawili madogo. Weka msumari mnene kwenye tundu, gonga kwa nyundo KUELEKEA KULIA, mwelekeo wa saa. Hapo uzi wake ni wa kinyume, na wengi wanaharibu kwa kugonga kushoto. Kikiachia, inua polepole juu ya kitambaa, maana gololi ndogo ndogo zitamwagika. Zihesabu. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, kisha chukua kijilimi kimoja ukishike juani. Ncha ikiwa kali kama ya patasi, kinafaa. Ikiwa imelika imekuwa ya mviringo, friwili hiyo achana nayo, usiionee huruma, itakuvunja mguu. Kwenye njia ya gololi weka grisi kidogo sana. Kwenye vijilimi usiweke grisi kamwe, weka mafuta mepesi ya cherehani, matone mawili.

Sasa jambo ambalo hata friwili mpya haitakuondolea. Friwili za kawaida zina meno machache ndani. Tuseme ina meno 20: inaweza kuzunguka nyuzi 18 bure kabla haijashika. Baiskeli zilizotengenezwa kwa traiali friwili huwekwa mbele kwenye kranki, mikono ya pedeli, na nzuri zake hushika sehemu 72 au 108 kwa mzunguko mmoja, ukigusa tu imekamata. Wewe huna hiyo, kwa hiyo fanya hivi: kabla ya kuruka rudisha pedeli nyuma kidogo usikie tiki, kisha isukume mbele polepole mpaka uhisi ugumu chini ya soli. Ndipo ukanyage. Usikanyage kamwe pedeli iliyolegea.

Gia: mbele bakiza duara dogo la meno 22, nyuma tumia lenye meno 18 au la karibu yake. Huo ndio uwiano wanaotumia wenye baiskeli za traiali za tairi namba 26. Kile kipandishi cha gia cha nyuma usikitoe, kitakukazia cheni. Lile duara kubwa la mbele usilitupe, likate meno yote kwa grainda, lisawazishe, ulifunge tena palepale. Litapokea mwamba badala ya cheni.

Breki: chukua sumaku uiguse ringi. Ikinasa, ringi ni ya chuma, ikilowa haitashika hata umwite nani, tafuta ya alumini. Isiponasa, ikwaruze kwa msasa mkali upande wa breki, mikwaruzo iwe ya kukingama. Watu wa traiali wanapitisha grainda kabisa. Inashika sana, ila inakula mpira wa breki na kila ukirudia ringi inakonda. Grainda niachie mimi, njoo nayo.

Na pale ulipotoa kiti umebakiza bomba wazi. Liondolee ncha kali, lizibe kwa mpira. Nimeona mtu aliyeangukia bomba la namna hiyo.

mshipi_na_chambo (Mwambani)

Fundi amemaliza ya baiskeli, mimi niseme ya mwamba, maana nimezaliwa juu yake.

Kijana, unatoka kwenye mikate saa mbili. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huku kwetu maji yanakauka kabisa mnamo saa nne asubuhi. Basi ukishuka saa tatu unafuatana na maji yanayopwa, na mwamba unakauka mbele yako. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume, saa nne hiyohiyo yamejaa, hayapandi sana lakini pale chini hapafai. Yakianza kurudi usiangalie saa ya kwanza ukadhani yanatambaa tu. Saa ya tatu na ya nne ndiyo yanakuja mbio, na bamvua yanapanda zaidi ya mita tatu. Nimeshuhudia watu wameachwa juu ya jiwe na ndoo zao za pweza.

Mwamba wenyewe una rangi, zisome. Juu kabisa kijivu, mkavu, mkali kama wembe, lakini tairi linashika. Katikati kuna chaza wamejibandika, ganda la chaza linapasua tairi ubavuni, na nadhani kutoboka kwako kunaanzia hapo. Chini kuna kijani laini. Pale kwenye kijani usiruke, hata sisi wa miguu mitupu tunapita tumeinama.

Na ukingo, mwanangu. Mawimbi yanakula mwamba kwa chini, juu unabaki kama kibaraza kisicho na nguzo. Kabla hujatua mahali, shuka kwa miguu ukachungulie chini yake. Ukikuta ni uvungu, tua ndani zaidi, hatua mbili kutoka ukingoni.

Pale yanapobaki madimbwi na matumbawe hai, yale ya rangi, usipite na baiskeli. Pwani yetu ni hifadhi ya silikanti, yule samaki wa kale, tangu 2009, na hata isingekuwa hifadhi, hayo ndiyo nyumba ya samaki ninaowalisha wanangu.

bint_kaole (Bagamoyo)

Kaka, mimi naendesha huku Bagamoyo, nilianza kwenye magogo ya minazi nyuma ya nyumbani. Naomba nitofautiane na mzee fundi kidogo, kwa heshima. Mafuta ya cherehani huku kwenye mchanga yananasa vumbi, baada ya siku nne tano yanakuwa matope. Mimi kila nikitoka pwani namwagia baiskeli ndoo ya maji ya kisima yasiyo na chumvi, naikausha juani, ndipo natia tone jipya. Bila kusuuza hakuna mafuta yatakayokusaidia.

Tairi: upepo wako ni kiasi gani? Wenye tairi pana za traiali wanashuka mpaka psi 20 hivi nyuma. Kwa tairi la kawaida na tyubu ya kawaida ukishuka hapo ringi inabana tyubu kwenye jiwe, unapata matundu mawili yaliyokaa sambamba. Angalia tyubu yako. Yakiwa mawili, ongeza upepo. Likiwa moja lenye mchano, ni chaza. Mimi nakata tyubu kuukuu ya pikipiki, naitandika ndani ya tairi kabla ya kuweka tyubu yangu, na nimebaki kwenye 30.

Kidonda cha mwamba usikidharau. Osha kwa sabuni na maji safi mengi siku hiyohiyo, toa chembe zote, la sivyo kinatunga usaha. Nunua kinga za ugoko za wacheza mpira na kofia ngumu.

fundi_barabara_ya_8 (Ngamiani)

Binti yangu, umesema kweli kuhusu kusuuza. Nimezoea baiskeli za barabarani. Afuate lako.

mikate_alfajiri (Chumbageni, Tanga)

Shikamoo mzee fundi, shikamoo mzee wa Mwambani, na dada wa Bagamoyo asante sana. Zimepita wiki tatu, narudi na majibu.

Friwili niliifungua sebuleni juu ya kanga ya mama, akasimama mlangoni bila kusema neno. Kijilimi kimoja ncha ilikuwa kali. Cha pili kilikuwa kimelala ndani ya tope la rangi ya kahawa, springi yake imekatika katikati. Nimekaa nakitazama muda mrefu. Kwa hiyo miezi yote hiyo nilikuwa naruka kwa kijilimi kimoja. Nimenunua friwili nyingine, mzee fundi amenikagulia, na ringi amenisagia kwa grainda hakunitoza kitu. Sumaku haikunasa, alhamdulillahi. Breki sasa zinapiga kelele kama kuku aliyekanyagwa lakini tairi halisogei hata likiwa limelowa.

Tyubu ilikuwa na matundu mawili sambamba. Nimetandika mpira wa pikipiki, upepo 30, wiki mbili sijaziba kiraka.

Ule ufa nilishuka kwa miguu kwanza kuchungulia kama nilivyoambiwa. Jiwe la ng'ambo, lile nililokuwa nalilenga siku zote, chini ni uvungu mtupu, mkono wangu umeingia mpaka begani. Nimeliacha. Nimechagua jingine la upande wa kushoto, ufa ni mwembamba kidogo lakini jiwe ni pana na limeshika ardhi.

Jana ilikuwa bamvua, saa tatu na nusu. Nikasimama. Nikarudisha pedeli, tiki, nikaisukuma mpaka ikawa ngumu chini ya kiatu. Nikaruka. Tairi la nyuma lilitua kwanza, la mbele likafuata, na mguu sikuweka chini. Kulikuwa na watoto wawili wanaokota kome, mmoja akaniuliza kama naweza kurudi nilikotoka.

Nimejaribu mara nne kurudi, bado. Jiwe la kuanzia liko juu zaidi kwa kama shibiri mbili. Dada wa Bagamoyo, ukipanda gogo la juu unaanza kuvuta hendo kabla ya kukanyaga au kwa pamoja?