Muziki wa matatu: upigwe marufuku ama mafundi waachwe wafanye kazi?

Mama wa Kayole: Leo nimepanda nganya, ile matatu iliyopambwa, na mtoto wa miaka miwili. Kiti cha nyuma, wufa (spika za bezi, sauti nzito) mbili za inchi 15 chini ya miguu yetu. Mtoto amenikaba shingo akilia hadi mjini. Nimemwomba makanga apunguze, akaniambia nishuke nitafute basi la wazee. Mnaonaje, upigwe marufuku? Na hawa mafundi wa kubahatisha wanaofunga redio mtaani wafungiwe pia.

Fundi Bezi: Mama, pole kwa mtoto. Lakini "kubahatisha" hapana. Miaka 11 nakata mbao hizi. Sanduku la bezi halikisiwi kwa macho: unapima ujazo wa ndani, unaondoa nafasi inayoliwa na spika yenyewe, ndipo unapiga hesabu ya tundu la kupumulia. Ukikosea, bezi inalia kama debe tupu. La juzi nimepitisha mgongo wa kiganja kwenye kila kiungo spika ikipiga, nikitafuta hewa inayovuja. Ilivuja kona moja. Nikalifungua lote.

Dere 58: Kazi safi, na magari yanaungua kila siku. La jirani yangu limebaki chuma kitupu. Nani alilifunga waya?

Fundi Bezi: Fyuzi ilikuwa wapi? Waya mnene ukitoka kwa betri bila fyuzi pale pale karibu na betri, ukapita chini ya zulia, chuma kikikwaruza ile plastiki ni moto. Huo si muziki. Ni ubahili wa mwenye gari.

Dere 58: Ubahili? Unajua mkopo wa gari wewe? Nimenunua alternata, ile ya kuchaji betri, mara mbili mwaka huu kwa ajili ya ampu zenu za kukuza sauti!

Fundi Bezi: Kwa sababu ulikataa kubwa nilipokwambia. Wati 1000 kwa volti 14 ni zaidi ya ampea 70, bado joto linalopotea, bado taa na skrini. Hiyo ya kiwandani utaiua tu.

Mzee Eastleigh: Sheria za matatu za waziri Michuki za 2004 zilikataza makelele haya. Zirudishwe.

Mwanasheria Jioni: Mzee wangu, zile zilikuwa vidhibiti mwendo, mikanda na mstari wa manjano. Kelele zina kanuni zake chini ya NEMA, mamlaka ya mazingira, za 2009.

Mzee Eastleigh: Kijana, mimi nilipanda matatu za wakati huo. Zilinyamaza.

Nesi Zawadi: Mtu mzima kazini, kelele za desibeli 85 mwisho ni masaa 8. Kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Zikifika 100 ni dakika 15. Foleni ya Jogoo Road ni dakika ngapi?

Mama wa Kayole: Asante Nesi. Nimeuliza habari ya mtoto, watu wananijibu alternata.

Fundi Bezi: Mama, kila gari ninalofunga naweka kitufe cha kupunguza bezi karibu na dereva. Anayekataa kukishika si mimi.

Dere 58: Nikishika, abiria wa jioni wanashuka wanapanda la nyuma. Nimeona kwa macho yangu.

Mama wa Kayole: Mimi ni abiria wa asubuhi. Zima asubuhi.

Probox Nyeupe: Fundi, sanduku la inchi 12 mbili kwa Probox ni pesa ngapi?

Fundi Bezi: Lete gari kwanza nipime buti.